Lancha ya simu inaposumbua: dalili, chanzo na namna ya kurekebisha

Lancha ni programu inayochora skrini ya kwanza ya simu ya Android: ikoni, folda, wijeti (visanduku vya saa, hali ya hewa na kadhalika), na ile droo inayofunguka ukisukuma kidole juu. Kila simu hutoka kiwandani na ya kwake. Samsung wana One UI Home, Tecno wana ya HiOS, Infinix wana ya XOS. Ukipakua nyingine kama Nova, Niagara au Lawnchair, ile ya kiwandani haiondoki. Inabaki nyuma ya pazia, na kuna kazi inazoendelea kuzifanya bila wewe kujua. Tangu Android 9 ya mwaka 2018, kwa mfano, ukurasa wa programu za karibuni unachorwa na lancha ya kiwandani hata kama umeshachagua nyingine.

Kwa hiyo simu yenye lancha ya nje ina wapishi wawili kwenye jiko moja. Malalamiko mengi yanatokea pale kazi ya mmoja inapogusana na ya mwenzake, ndiyo maana swali la kwanza kwa kila dalili iliyo hapa chini ni hili: kazi hii ni ya nani?

Kulijibu ni rahisi. Ingia Mipangilio, Programu, Programu chaguomsingi, kisha Programu ya ukurasa wa mwanzo (majina hutofautiana kidogo kwa kila kampuni), uchague ile ya kiwandani na utumie simu kwa nusu saa. Tatizo likitoweka, tafuta kwenye lancha yako. Likibaki, lancha haina kosa. Shida iko kwenye mfumo, kwenye uokoaji wa betri, au kwenye programu yenyewe inayolalamikiwa.

Kabla hujagusa kitu, piga picha ya kila ukurasa wa skrini ya kwanza na utoe nakala rudufu ndani ya mipangilio ya lancha. Faili hiyo itume kwenye barua pepe yako au uiweke nje ya simu. Na usichanganye vitufe viwili vinavyokaa jirani: "Futa akiba" haina madhara, lakini "Futa data" hufuta mpangilio wote wa skrini, folda zote na wijeti zote, na hakuna pa kuzirudisha kama huna ile nakala.

Ikoni zinachorwa upya kila ukirudi skrini ya kwanza

Unatoka kwenye kamera au kwenye mchezo, unabonyeza kitufe cha nyumbani, unaona picha ya ukutani tupu, halafu baada ya sekunde moja hadi tatu ikoni zinaanza kujitokeza. Maana yake lancha iliuawa ukiwa kwingine na sasa inaanza upya. Android huipa programu ya skrini ya kwanza hadhi ya juu kidogo kuliko programu zilizolala nyuma, lakini hadhi hiyo si kinga. Kwenye simu ya RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 2 au 3, kamera ikihitaji nafasi, lancha inakwenda na maji.

Punguza mzigo kwa mpangilio huu, ukipima baada ya kila hatua: toa picha ya ukutani inayocheza, punguza wijeti zibaki moja au mbili, toa pakiti ya ikoni (seti ya picha zinazobadilisha sura ya ikoni zako), kisha punguza kurasa. Kila picha ya pakiti ya ikoni inapaswa kukaa kwenye kumbukumbu, kwa hiyo pakiti nzito inaonekana maridadi kwenye simu ya GB 8 na kuwa adhabu kwenye ya GB 2. Ile "RAM ya nyongeza" inayokopwa kwenye hifadhi isikudanganye. Hifadhi ni ya polepole kuliko RAM halisi, na lancha ikisukumwa huko bado utasubiri.

Kama simu ina RAM ya kutosha na bado inatokea, mshukiwa ni msafishaji. Programu za "kuongeza kasi" zinazokuja na simu nyingi huua kila kinachokaa nyuma, lancha ikiwemo. Fungua taarifa za programu ya lancha, nenda kwenye Betri, uiondolee vikwazo. Kwenye Xiaomi, Tecno na Infinix ruhusu pia ianze yenyewe. Kwenye Samsung iweke kwenye orodha ya programu zisizolala. Kufuli lile linalowekwa kwenye programu za karibuni halisaidii hapa, kwa sababu lancha haionekani kwenye orodha hiyo.

Simu inarudi yenyewe kwenye lancha ya kiwandani

Kama hutokea baada ya lancha kufungika ghafla, hiyo ni kinga ya makusudi. Android imeundwa ili lancha isiyo ya mfumo ikianguka, uchaguzi wake uweze kufutwa, usije ukabaki umefungiwa nje ya simu yako. Kuichagua tena kila siku hakutibu. Futa akiba, sasisha lancha, na ukumbuke wijeti au pakiti ya ikoni uliyoongeza mara ya mwisho kabla ya kuanza kuanguka. Mara nyingi ndiyo yenyewe.

Kama hutokea baada ya sasisho la mfumo, chagua upya mara moja, inatosha. Na kama sehemu ya kuchagua imefifia, haibonyezeki kabisa, angalia simu ilipatikanaje. Simu ya mkopo au ya kazini huwa na programu ya usimamizi, na msimamizi wa kifaa mwenye mamlaka kamili anaweza kuifunga lancha moja kama ya kudumu. Hapo hakuna hila ya mipangilio itakayokusaidia mpaka deni liishe au ofisi ikubali. Wanaouza "dawa" ya kuondoa usimamizi huo wanakuuzia hatari ya simu kufungwa moja kwa moja.

Ishara za kidole zimegoma, vitufe vitatu vimerudi

Hapa ndipo kazi za lancha mbili zinapogongana waziwazi. Ishara za kisasa, kusukuma juu kwenda nyumbani au kusukuma na kushikilia kuona programu za karibuni, zinategemea ule ukurasa ambao lancha ya kiwandani ndiyo huuchora. Android 10 ilipotoka mwaka 2019, lancha za nje zilikuwa hazipatani na ishara hizo kabisa. Google ikarekebisha baadaye. Kwenye Pixel na Samsung leo zinafanya kazi, ingawa mwendo wa picha wakati wa kurudi nyumbani hukatika kidogo, kama mtu aliyeruka ngazi. Kwenye simu nyingi za Xiaomi, ukichagua lancha ya nje, mfumo unakuzimia ishara na kukurudishia vitufe vitatu.

Chaguo ni mawili: kubali vitufe, au rudi kwenye lancha ya kiwandani. Kuna njia ya tatu kwa waliofungua mizizi ya simu (root, yaani kujipa mamlaka kamili juu ya mfumo), moduli ya QuickSwitch inayoiunganisha Lawnchair na ukurasa wa programu za karibuni, lakini kwa simu inayobeba pesa yako na programu za benki haifai kuhangaika nayo. Programu nyingi za benki hukataa kufunguka kwenye simu iliyofunguliwa mizizi.

Kuna kugoma kwingine ambako si kugoma. Kusukuma kidole kutoka ukingo wa kushoto au kulia ni amri ya mfumo ya kurudi nyuma. Ukitaka kufungua menyu ya pembeni ya lancha, anza sentimita mbili ndani ya skrini, si kwenye ukingo.

Ukigonga mara mbili kufunga skrini, alama ya kidole haikubaliki tena

Dalili yenyewe: unagonga skrini mara mbili, inazima vizuri. Unaweka kidole kuifungua, simu inadai PIN au mchoro. Ukifunga kwa kitufe cha pembeni, kidole kinakubaliwa kama kawaida. Watu hufuta alama za kidole na kuziweka upya, bure.

Lancha haina uwezo wa kuzima skrini. Inauomba uwezo huo kwa njia mojawapo kati ya mbili. Ya zamani ni kuwa msimamizi wa kifaa, na msimamizi akiamuru simu ifungwe, Android huchukulia kama amri ya usalama: inadai uthibitisho mzito, yaani PIN, na kidole hakitoshi. Ya pili imekuwepo tangu Android 9, inapitia huduma ya ufikivu (ile iliyowekwa kuwasaidia wenye ulemavu kutumia simu), na mfumo huiona sawa na kubonyeza kitufe cha kuzima.

Kwa hiyo ingia mipangilio ya ishara ndani ya lancha, tafuta njia ya kufunga skrini, ubadilishe kutoka msimamizi wa kifaa kwenda ufikivu. Kisha ingia Mipangilio ya simu, Usalama, Programu za usimamizi wa kifaa, uiondolee lancha tiki yake. Usiiache. Tiki hiyo ndiyo inayosababisha lalamiko jingine la kila siku, kwamba lancha imekataa kusaniduliwa: programu yenye usimamizi wa kifaa haiondoki mpaka ivuliwe kwanza.

Nukta za arifa hazionekani

Nukta za arifa ni vile vidoti juu ya ikoni vinavyoonyesha kuna arifa mpya. Lancha ya kiwandani huziona arifa kwa haki ya kuzaliwa. Ya nje lazima ipewe ufikiaji wa arifa kwenye Mipangilio. Ukienda kuuwasha ukakuta umefifia na ujumbe kwamba mipangilio hii imezuiwa, uliipakua lancha kama faili la APK kutoka kwenye kivinjari au WhatsApp. Tangu Android 13, programu zilizoingia kwa mlango huo hunyimwa ufikiaji wa arifa na ufikivu. Jaribu kuuwasha kwanza ili ukataliwe, kisha fungua taarifa za programu hiyo, gusa nukta tatu za juu kulia, uruhusu mipangilio iliyozuiwa, halafu rudi uwashe. Nukta tatu zisizo na chaguo hilo maana yake hujakataliwa bado.

Kwenye simu ndogo za Android Go (Android nyepesi ya simu za RAM ndogo) zenye toleo la 10 kushuka chini, achana nalo. Mfumo wenyewe hauruhusu programu yoyote ya nje kusikiliza arifa kwenye simu za RAM ndogo. Hakuna mpangilio uliousahau.

Nukta ikionekana lakini namba haiendani na ujumbe usiosomwa, kumbuka lancha inahesabu arifa, haihesabu ujumbe. Ukifuta arifa kwa kuisukuma pembeni, nukta inapotea hata kama meseji kumi bado hazijafunguliwa.

Wijeti: saa imesimama, au kuna kisanduku cha kijivu

Saa iliyosimama au hali ya hewa ya jana ni kosa la programu inayomiliki wijeti, si la lancha. Lancha inatoa nafasi tu, kama mwenye nyumba. Programu hiyo imezuiwa na uokoaji wa betri. Iondolee vikwazo kama ulivyofanya kwa lancha. Jua pia kwamba kwa utaratibu wa kawaida wa mfumo, wijeti haiamshwi kujisasisha zaidi ya mara moja kwa dakika 30, kwa hiyo salio au alama za mechi zilizochelewa robo saa si ugonjwa.

Wijeti inayopotea kila simu ikizimwa na kuwashwa ina chanzo ambacho wenye simu za hifadhi ndogo wanakifahamu bila kujua: programu yake imehamishiwa kwenye memori kadi. Simu inapowaka, lancha huanza kabla kadi haijawa tayari, haioni programu, inaitupa wijeti. Rudisha programu hiyo kwenye hifadhi ya ndani, washa simu upya, kisha weka wijeti tena.

Na ukirejesha nakala rudufu kwenye simu mpya, wijeti zitakuja kama visanduku vya kugusa. Kila wijeti hupewa namba na simu husika, na namba hiyo haihami. Gusa kimoja kimoja, toa ruhusa, basi.

Ikoni chache zimegoma kubadilika, au zimerudi za zamani

Pakiti ya ikoni ni picha pamoja na orodha iitwayo appfilter. Kila mstari wa orodha hiyo unataja jina kamili la sehemu ya programu inayofunguliwa, si jina unalolisoma chini ya ikoni. WhatsApp, kwa mfano, imeandikwa hivi:

com.whatsapp/com.whatsapp.Main

Lancha inalinganisha herufi kwa herufi. Watengenezaji wa programu wakibadilisha jina la sehemu hiyo kwenye sasisho, mstari unakuwa wa kitu kisichokuwepo, na ikoni inarudi ya asili usiku mmoja. Ndiyo maana programu za huku kwetu, za benki na za mitandao ya simu, huonekana kama wageni ndani ya pakiti nzuri ya kimataifa: mchoraji hajawahi kuzisikia. Shikilia ikoni, chagua kuhariri, chagua picha yoyote inayofanana ndani ya pakiti. Pakiti nyingi zina pia sehemu ya kuomba ikoni, nayo hutuma majina hayo kwa mchoraji.

Zile ikoni za rangi moja zinazofuata picha ya ukutani ni habari nyingine. Zilifunguliwa kwa programu zote kuanzia Android 13, lakini kwenye simu nyingi kila mtengenezaji wa programu lazima aongeze tabaka la rangi moja kwenye ikoni yake. Asipoongeza, yake itabaki na rangi zake katikati ya nyingine.

Ikoni zisizosogea kabisa? Angalia kama umefunga mpangilio wa skrini ya kwanza. Ni swichi moja, na imewachosha wengi.

WhatsApp ya pili imetoweka

Wenye laini mbili hutumia kipengele cha simu cha kunakili programu, na nakala hiyo hukaa kwenye wasifu uliotengwa na wa kwako. Lancha ya kiwandani inajua pa kuichungulia. Baadhi ya lancha za nje hazijui. Ujumbe wako haujafutika. Rudisha lancha ya kiwandani na utaiona. Kabla ya kuamua kuhama, pakua lancha mpya, fungua droo yake, utafute nakala hiyo. Kama haipo, na biashara yako iko kwenye laini ya pili, tafuta lancha nyingine au baki ulipo. Nafasi ya faragha ya Android 15, sehemu iliyofungwa ya kuficha programu, nayo ni hivyo hivyo: lancha isiyoijua haitaionyesha.

Skrini nyeusi, au lancha inaanguka bila kukoma

Vuta pazia la arifa kutoka juu, gusa alama ya gurudumu, na utakuwa ndani ya Mipangilio bila kupita skrini ya kwanza. Lazimisha lancha isimame, futa akiba, chagua ya kiwandani. Pazia nalo likikataa, washa simu katika hali salama: bonyeza kitufe cha kuwasha mpaka menyu itokee, kisha shikilia kidole kwenye "Zima" mpaka uulizwe. Katika hali hiyo programu zote ulizopakua zinalala, kwa hiyo ya kiwandani ndiyo itakayotokea. Sanidua ile yenye shida, kisha washa simu upya. Wijeti za programu za nje zinaweza kupotea kwenye skrini baada ya hapo, na ndiyo sababu ya zile picha tulizosema upige mwanzoni.

Kuna walioiondoa lancha ya kiwandani kwa kompyuta, kwa amri za ADB (zana ya kuiamuru simu kutoka kwenye kompyuta), ili kupata nafasi. Matokeo yake ni kitufe cha programu za karibuni kilichokufa. Haikufutika kweli, imefichwa tu kwa mtumiaji huyo. Unganisha simu, urudishe kwa amri hii, ukitaja jina la kimfumo la lancha ya kiwandani ya simu yako (hili ni la Xiaomi, la Samsung ni com.sec.android.app.launcher):

adb shell cmd package install-existing com.miui.home

Ikibidi kubadilisha lancha

Simu ya RAM ya GB 2 au chini: KISS au Olauncher. Zote mbili msimbo wake uko wazi, hazina mapambo, na hazina cha kupakia. Mwenye programu nyingi anayetumia mkono mmoja atapenda Niagara, inayozipanga kwa orodha ya herufi kando ya kidole gumba. Smart Launcher huzigawa programu kwa makundi yenyewe. Anayetaka sura ya Pixel kwenye simu isiyo Pixel achukue Lawnchair. Nova imekuwa ndiyo kipimo kwa miaka mingi kwa kubadilisha kila kitu, lakini ilinunuliwa na kampuni ya Branch mwaka 2022 na mwanzilishi wake, Kevin Barry, akaondoka mwaka 2025, kwa hiyo anayeanza leo asijifunge nayo.

Baada ya kupakua, fungua ruhusa kabla ya kupanga ikoni hata moja. Lancha haina sababu ya kusoma SMS wala ya kupiga simu yenyewe; ikiomba SMS, isanidue palepale. Ufikiaji wa arifa nao si mdogo: anayeupata anaweza kusoma arifa zinazoingia, ikiwemo ya salio la M-Pesa na, kwenye simu nyingi, namba za siri za mara moja kutoka benki. Huduma ya ufikivu ni pana zaidi, inaweza kuona kilichoko kwenye skrini. Lancha isiyojulikana mtengenezaji wake, iliyojaa matangazo, ikitaka vyote viwili, inyime, utumie bila nukta na bila kugonga mara mbili. Ikikataa kufanya kazi bila ruhusa hizo, umeshajua ilikuja kufanya nini.